Skana ya laki mbili na nusu: jibu kwa fundi simu wa Kirumba

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Kirumba, Mwanza. Habari za vyombo vya angani zimeniingia kichwani, na nataka kusikia sauti zake mwenyewe, siyo kwenye video za watu. Nina laki mbili na nusu. Kuna jamaa anauza skana ya mkono iliyotumika, ya chaneli 500, anasema inashika FM na AM. Nichukue? Na kweli nitasikia chochote nikiwa huku ziwani, au haya mambo ni ya Ulaya tu?"

Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujatoa hela: hiyo skana iache. Simjui muuzaji wala sisemi mali yake ni mbovu. Inawezekana ni nzima kabisa, na kwa mtu anayependa kusikiliza marubani wa ndege ni kifaa kizuri. Ila imetengenezwa kwa kazi nyingine, na kitu inachokikosa ndicho mtu wa Mwanza anachokihitaji kuliko mtu wa Berlin au Chicago. Nitaanza kukueleza na mambo ya huko juu ndipo tushuke dukani, maana redio huchaguliwa kwa kile unachotaka kusikia, na idadi ya chaneli haina uzito wowote hapa.

Vyombo vya angani vinavyosikika kwa redio ya bei ya kawaida vimejibana kwenye vipande vitatu vya masafa. Cha kwanza ni 137 hadi 138 MHz, njia ya setilaiti za hali ya hewa. Cha pili ni 145.8 hadi 146 MHz, na cha tatu ni 435 hadi 438 MHz. Hivi viwili vya mwisho ni vya setilaiti za redio ya ridhaa, yaani za watu wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa kujifunza na kujifurahisha bila biashara. Redio isiyofika kwenye vipande hivyo usiitazame mara mbili, hata kama inang'aa namna gani.

Kinachosikika kirahisi kuliko vyote ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ISS. Kipo kimo cha kilomita 400 na ushei, na kinaizunguka dunia kwa kama dakika 93. Kwenye 145.800 MHz wanaanga huzungumza na wanafunzi wa shule mbalimbali duniani, na mara kadhaa kwa mwaka hurushwa picha za SSTV, ambazo ni picha zilizogeuzwa kuwa milio. Kwenye 145.825 kuna pakiti za data, utazisikia kama mikwaruzo mifupi mifupi. Kwenye 437.800 kuna ripita: mtu wa chini anarusha kwa 145.990, kituo kinamrudisha chini kwa 437.800 na watu walio mbali naye wanamsikia. Setilaiti ya SO-50, iliyorushwa mwaka 2002, inafanya kazi ya namna hiyo na inashuka kwa 436.795. Yote haya ni FM, na skana ya jamaa yako ikiwa inafika masafa hayo ingeyapata.

Hapo ndipo washauri wengi huishia, na kwa mtu wa Ulaya ushauri huo unatosha. Sasa chukua ramani utazame kwetu.

ISS ikiwa kwenye kimo chake, mduara inaouona chini una nusu kipenyo cha kilomita 2,200 hivi. Ripita ina faida pale tu kuna mtu anayeongea ndani ya mduara huo. Mduara ukiwa juu ya Ujerumani umebeba maelfu ya watu wenye leseni, na kila mmoja anagombania nafasi. Ukiwa juu ya Ziwa Victoria umebeba Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na majirani, na katika nchi hizi zote wenye redio za setilaiti ni wachache mno. Kituo kitapita juu kabisa ya kichwa chako, nyuzi 85, nguvu ya mawimbi tele, na usisikie neno. Wengi wakifika hapo hudhani redio ni mbovu na kuiuza. Redio haina kosa, hakuna tu mtu anayeongea.

Kwa hiyo mtu wa Mwanza anajifunza kupenda mapito ambayo wenzetu wa Ulaya huyadharau, yale ya chini chini karibu na upeo. Kituo kikiwa juu ya Zimbabwe kinakuona wewe na kinaiona Afrika Kusini yote, ambako redio ya ridhaa ina watu wa kutosha. Kikiwa kwenye ukingo wa kaskazini wa anga lako, yaani juu ya Sudan, kinafika Misri, Saudi Arabia hadi visiwa vya mashariki mwa Mediterania. Mapito hayo ni dhaifu. Chombo kilicho juu ya kichwa kiko umbali wa kilomita 400 na kidogo, na kilicho kwenye upeo kiko zaidi ya 2,000. Ukipiga hesabu, nguvu inayokufikia imepungua zaidi ya mara ishirini. Ndiyo maana mambo ya antena, tutakayofika baadaye, yana uzito kwako kuliko kwa mtu wa London anayesikiliza kwa kiantena cha mpira akiwa bustanini.

Na hapa ndipo skana ya FM na AM inapoanguka. Kuna setilaiti za zamani na za juu zaidi ambazo hazitumii FM. Zinatumia SSB kwa sauti, yaani namna ya kurusha sauti kwa upana mdogo ambayo redio ya FM na AM haiwezi kuifumbua, na CW kwa msimbo wa Morse. AO-7 ilirushwa Novemba 1974, ikafa mwaka 1981 kwa sababu ya betri, kisha mwaka 2002 ikasikika tena, na tangu hapo inafanya kazi ikiwa juani tu, kwa umeme wa paneli zake. Umri wake unazidi wa wengi wanaoisikiliza! Inashusha sauti kati ya 145.925 na 145.975 MHz. Kimo chake ni zaidi ya kilomita 1,400, na mduara wake una nusu kipenyo cha karibu kilomita 4,000. Maana yake, AO-7 ikiwa juu ya kaskazini mwa Afrika, wewe uliyekaa Kirumba na mtu aliyeko Italia, Ugiriki hata Ujerumani mnaiona kwa wakati mmoja. Nyingine ni RS-44 ya Urusi, iliyorushwa Desemba 2019. Ina mlio wa utambulisho wa Morse kwenye 435.605 MHz, na sauti za watu kuanzia 435.610 hadi 435.670. Nayo iko juu sana, kwa hiyo pito lake moja ni la dakika ishirini hivi, wakati la ISS halifiki hata dakika kumi na mbili.

Kwa skana isiyo na SSB, setilaiti hizo mbili utazisikia kama mtu anayeongea na mdomo umejaa ugali, tena mara nyingi hutasikia hata hivyo. Mtu wa Ulaya anaweza kuzikosa na bado akapata mengi ya FM. Wewe ukizikosa, umebakiwa na kidogo sana. Hii ndiyo hoja yangu kubwa, na ndiyo inayoamua ununue nini.

Kabla ya dukani niondoe matumaini machache ya uongo, kwa kuwa makala za zamani bado zinayauza. Setilaiti za NOAA 15, 18 na 19, ambazo kwa miaka mingi mtu aliweza kupata picha zake za mawingu kwa skana na kompyuta, zote zilizimwa mwaka 2025. Mtu akikuuzia skana kwa kusema "inashika picha za NOAA", mwambie amechelewa. Kuna masafa ya 143.625 MHz ambayo orodha nyingi zinasema ni sauti ya Warusi kwenye ISS. Ni kweli, ila wanaitumia kituo kikiwa juu ya vituo vyao vya ardhini huko Urusi, na muda ambao ISS inaonekana Mwanza haiwezi kuwa huko. Ukaiweke kwenye kumbukumbu ukitaka, usikeshe nayo. Mawasiliano ya wanaanga wa NASA wanapotoka nje ya kituo ni ya dijitali, skana haitafsiri. Na vyombo vya mbali kama Voyager vinarusha kwenye 8.4 GHz, nguvu yake ikifika duniani ni ndogo kiasi kwamba NASA wanatumia madishi ya mita 70. Hayo waachie wenyewe.

Sasa vifaa.

Skana halisi za mkono za kampuni zenye jina, mfano Uniden BC125AT, zikiwa mpya zinauzwa zaidi ya dola 100 huko zinakotoka, kabla ya nauli na kodi ya kuingiza. Zinapokea 108 hadi 174 MHz na 400 hadi 512 MHz, kwa hiyo vipande vyetu vyote vitatu vimo, lakini ni FM na AM tu. Zile za bei ya chini zaidi mara nyingi zina matundu kwenye masafa: soma karatasi ya vipimo uone mstari wa 137 na mstari wa 435 vyote vimo. Hiyo kazi ya kuruka chaneli kwa kasi inayosifiwa kwenye boksi ni hasara kwako. Setilaiti hupita dakika chache na sauti yake ni nyembamba. Redio ikiwa inarukaruka itaikosa. Utakaa kwenye masafa mamoja, umefungua skwelchi (kizuizi cha kelele cha redio) hadi ule mchakacho wa "shhhh" unasikika muda wote, na unasubiri mchakacho upungue. Ukipungua tu, jua chombo kimefika, hata kabla ya sauti.

Kuna wanaokimbilia redio za mkono za Kichina, Baofeng na ndugu zake, ambazo ni rahisi kuliko skana na zinapokea vizuri 136 hadi 174 na 400 hadi 520 MHz. Kwa masikio tu ya FM ni kifaa kinachojitosheleza. Shida zangu nazo ni mbili. Ya kwanza ni ileile: hakuna SSB. Ya pili ni kitufe cha pembeni. Redio hizo zinarusha, na ukibonyeza kwa bahati mbaya kwenye 145.800 unamwagia mawimbi kila anayesikiliza jirani yako. Ukibonyeza kwenye masafa mengine unaweza kuingilia polisi, meli au uwanja wa ndege. Kifaa kinachorusha kinahitaji leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. TCRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapohapo Mwanza; pita uwaulize kuhusu leseni ya redio ya ridhaa na kuhusu kifaa chochote unachotaka kuagiza, kabla hujaagiza. Ukiwa pale, kumbuka pia kwamba kusikiliza mawasiliano yasiyokuhusu ya watu wa chini ni jambo jingine kabisa kisheria. Sisi tunazungumza vya angani.

Ninachokushauri ununue ni kijiti cha USB cha aina ya RTL-SDR. Kwa umbo ni kama flashi iliyonenepa. Asili yake ni kijiti cha kutazamia televisheni ya dijitali kwenye kompyuta, chenye chipu ya RTL2832U, na karibu mwaka 2012 wajuzi waligundua kwamba chipu hiyo inaweza kumwaga mawimbi ghafi moja kwa moja kwenye kompyuta, na programu ikafanya kazi yote ya redio. Kinapokea kuanzia kama 24 MHz hadi zaidi ya 1,700 MHz bila tundu. FM, AM, SSB, CW, pakiti, picha, vyote ni suala la programu. Na skrini inakuchorea mawimbi: utamwona RS-44 anaingia kama mstari mwembamba unaopinda polepole, hata masikio yako yakiwa bado hayajamtambua.

Wewe ni fundi simu, huna haja ya kununua laptopu kwa ajili hii. Simu ya Android yenye OTG, yaani inayokubali kuungwa na kifaa cha USB, inatosha kuanzia. Programu ya SDR++ ipo ya Android, na SDR Touch pia. Ukipata laptopu iliyochakaa, SDR++ inafanya kazi humo bila kinyongo.

Chagua kijiti kwa makini. Vile vya buluu vya plastiki vinavyouzwa kwa bei ya chipsi kuku vina kristali ya kawaida: kikipata joto masafa yanahama, na kwa SSB kuhama kidogo tu kunageuza sauti ya mtu kuwa ya katuni. Tafuta chenye TCXO ya 1 ppm (kristali isiyoyumbishwa na joto), boksi la chuma na tundu la antena la SMA, lile dogo la kukaza kwa kuzungusha. Kile cha RTL-SDR Blog, toleo la V3 au V4, kikiwa na seti ya antena yake ni kama dola 40, karibu laki moja ya kwetu kabla ya usafirishaji na kodi. Kimeigwa sana, kwa hiyo nunua kwa muuzaji wanayemtaja wenyewe.

Udhaifu wake nikuambie sasa usije ukanilaumu. Hakina kichujio cha maana mlangoni. Mwanza minara ya redio za FM na ya simu imekaa vilimani, juu ya vichwa vyetu, na kijiti kikizidiwa nguvu utaona vituo vya redio vikijitokeza mahali visipopaswa kuwa, hata kwenye 137 MHz. Dawa ya kwanza ni bure: punguza geini (kiwango cha kukuza mawimbi) kwenye programu mpaka vituo hewa vipotee. Ikishindikana, kuna kichujio kidogo cha kuzuia 88 hadi 108 MHz, unakifunga kati ya antena na kijiti. Usikinunue siku ya kwanza. Sikiliza kwanza uone kama unakihitaji.

Pesa iliyobaki peleka kwenye antena, na hapa fundi kama wewe ana raha. Seti ya kijiti hicho ina dipoli ya mikono miwili ya kuvuta. Kwa 145.9 MHz vuta kila mkono sentimita 49 hivi. Urefu huohuo ni robo tatu ya wimbi kwa 437 MHz, kwa hiyo antena moja inakuhudumia vipande hivyo vyote viwili vya masafa kwa kuanzia. Kwa 137 MHz vuta hadi sentimita 53, panua mikono iwe na pembe ya nyuzi 120 kama herufi V, ulaze mlalo. Antena ya namna hiyo na programu ya SatDump zinatosha kupata picha za setilaiti za Urusi za Meteor-M N2-3 na N2-4, kwenye 137.900 au 137.100 MHz. Zenyewe ni za dijitali, skana haziwezi, kijiti kinaweza. Siku ya kwanza utakapoona Ziwa Victoria limechorwa katikati ya mawingu na pito lilikuwa saa tatu asubuhi hiyohiyo, utasahau kabisa habari ya NOAA.

Kwa yale mapito dhaifu ya kusini na kaskazini tengeneza Yagi, antena ya kuelekeza upande mmoja, ya vipande vitatu. Bomba la plastiki la maji la nusu inchi liwe mgongo, na vipande ukate kwenye futi ya chuma ya fundi seremala iliyochoka. Cha nyuma sentimita 105. Cha kati vipande viwili vya 45 kila kimoja, na waya wa kebo unaungwa hapo katikati. Cha mbele 89. Kutoka cha nyuma hadi cha kati acha sentimita 20, kutoka cha kati hadi cha mbele 32. Kwenye maungio ya kati weka kipande cha waya cha sentimita 13 ulichokikunja kama U, kiunganishe nusu zote mbili. Kwangua rangi ya futi kabla ya kulehemu, vinginevyo risasi haitashika. Kebo tumia ileile ya king'amuzi, RG6. Watakuambia ni ya omu 75 na redio inataka 50. Kwa kupokea tu, tofauti hiyo huisikii, na RG6 nzuri inapoteza kidogo kuliko kebo nyembamba nyeusi za kwenye paketi.

Namna ya kuishika ni nusu ya kazi. Dipoli na antena ya fimbo hazisikii upande wa ncha. Watu wanainyooshea ncha setilaiti kama wanaionyesha kidole, na wanaizima wenyewe. Ubavu wa antena ndio uelekee chombo. Yagi ndiyo unayoielekeza, kile kipande kifupi kikiwa mbele. Na kwa kuwa chombo kinageuka huko juu, zungusha mkono taratibu, mara antena iwe wima mara mlalo, ukifuata penye nguvu.

Masafa nayo hayatulii. Chombo kinachokuja mbio kinasikika juu kidogo ya masafa yake, kinachoondoka kinasikika chini, kama honi ya basi linalokupita barabarani. Kwa ISS kwenye 145.800 kuhama huko ni kilohezi tatu na nusu hivi na FM inavumilia. Kwenye 437.800 ni kama kumi, kwa hiyo anza kwenye 437.810, kikifika juu kabisa uwe 437.800, kikiondoka umalizie 437.790. Kwa SSB unafuata kwa kidole muda wote, au unaiachia programu ya Gpredict kwenye kompyuta iongoze masafa. Kwenye simu, Look4Sat itakuambia chombo gani kinapita saa ngapi na upande gani. Isasishie data za mizunguko walau kila wiki, maana mizunguko hubadilika.

Suala la mahali. Mawe yetu ya Mwanza yanapendeza kwenye picha lakini yanakula upeo. Nyumba iliyobanwa na mwamba upande wa kusini itakunyima Afrika Kusini yote. Kaskazini na magharibi una ziwa, hakuna upeo safi kuliko huo, na ufukwe wowote wa Bwiru au Capri Point unakupa. Usiku angalia taa. Karabai ya zamani haikuwa na madhara kwa redio, lakini taa za LED za bei rahisi zinazotumika siku hizi kwenye uvuvi wa dagaa, chaja za sola na inveta vinatema kelele mpaka kwenye 145 MHz. Zima chaja yako mwenyewe kwanza. Simu itumie betri. Na radi, mdogo wangu: mvua za ziwa hili hupiga usiku na alfajiri. Mtu aliyesimama juu ya mwamba ameshika Yagi ya chuma asisubiri ngurumo ya pili.

Kama siku moja watatangaza SSTV kutoka ISS na kijiti hakijafika, azima redio yoyote inayopokea FM kwenye 145.800, weka simu karibu na spika, fungua programu ya Robot36. Picha itajichora yenyewe, mstari kwa mstari, kwa dakika mbili hivi. Shirika la ARISS ndilo linalotangaza ratiba hizo. Na kabla ya kukesha ukiisubiri setilaiti yoyote, tazama kwenye mtandao wa SatNOGS, ambako vituo vya watu wa kujitolea huweka rekodi wazi. Kama hakuna aliyeisikia wiki hii, nawe hutaisikia.

Umeuliza kama haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa miale ya X ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, karibu mstari mmoja wa latitudo na Mwanza, na ikaitwa Uhuru. Na Mei 2018 kisetilaiti cha Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, kiliachiwa kutoka ISS. Kukaa karibu na ikweta kuna hasara moja ya kweli: njia za ISS husongamana karibu na nyuzi 51.6, kaskazini na kusini, inapogeukia, kwa hiyo sisi tunapata mapito machache kuliko watu wa London. Lakini kuna kitu ambacho wao wangelipia.

Setilaiti ya Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba mtambo wa redio ya ridhaa unaoitwa QO-100. Haihami, imesimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 26 mashariki. Kutoka Mwanza iko karibu utosini, kama nyuzi 81 juu ya upeo, upande wa magharibi ukivutia kaskazini kidogo. Mtu wa Uingereza anaitafuta chini kwenye anga, kati ya miti na paa za majirani. Wewe unatazama juu tu, mchana na usiku, bila ratiba na bila kufukuza masafa. Na ni SSB, watu wa Ulaya, Afrika, Asia ya magharibi hadi Brazili wakiongea muda wote.

Inashuka kwenye 10,489.5 hadi 10,490.0 MHz, na hapo ndipo dishi la king'amuzi lililoachwa juu ya paa linapopata kazi. LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, ya kawaida ya masafa ya Ku, inapunguza 9,750 MHz na kuishusha kwenye 739.5 hadi 740.0 MHz, ndani kabisa ya uwezo wa kijiti. LNB ipate volti 13, ambazo huchagua mawimbi ya wima; volti hizo kijiti hakitoi. Tumia spilita, kigawanyio cha kebo, inayopitisha umeme mguu mmoja tu: mguu wenye umeme uende kwenye king'amuzi kilichowashwa kwenye chaneli ya wima ya masafa ya chini, mguu uliozibwa uende kwenye kijiti. Pima kwa mita kabla ya kuunga, kwa kuwa volti 13 zikiingia kwenye kijiti unaweza kukiua. Chagua LNB ya PLL, inayoshikilia masafa yake, maana zile za zamani zinahama masafa kila jua linapochomoza na kuzama. Dishi likishaelekea, zungusha LNB kwenye shingo yake polepole mpaka milio ya utambulisho, iliyopo kwenye kingo zote mbili na katikati, iwe na nguvu kuliko yote. Ukitaka kujua sauti yake ikoje kabla hujapanda paani, kuna kipokezi cha mtandaoni cha Goonhilly, Uingereza, kinachofunguka kwenye simu yako bure.

Ratiba ya matumizi basi: agiza kijiti na seti yake, nunua OTG na mita kumi za RG6, futi na bomba utapata Kirumba hapohapo, iliyobaki itunze kwa LNB na spilita. Huyo jamaa wa skana akikusumbua, muulize kama inapokea SSB kwenye 435 MHz. Akisema ndiyo, mwambie aiwashe uone kitufe cha USB na LSB (pande mbili za SSB, siyo tundu la USB la kompyuta) kwa macho yako, na kama kweli kipo, niandikie jina la modeli kabla hujalipa.